Homa Itokayo Katika Kikombe cha Maziwa

Mkulima wa skimu, homa unaijua. Mtu huanza kutetemeka, hujifunika blanketi mbili, kisha huloa jasho. Wengi wakiona hivyo hutaja ugonjwa mmoja tu, malaria. Huenda dukani, hununua dawa ya malaria, huimeza, na baada ya siku chache huona nafuu. Lakini wiki mbili zikipita homa hurudi. Hununua dawa tena. Mgongo humwuma, magoti humwuma, jembe huwa zito mkononi, na mwenye shamba hukaa kivulini mchana akiona haya, kwa maana jirani wameanza kusema amekuwa mvivu.

Kama unakaa Kinangop, Ol Kalou au Molo, mahali penye baridi ambapo mbu wa malaria hapendi kukaa, inafaa ujiulize homa hiyo imetoka wapi. Hatusemi ya kwamba malaria haiwezi kukupata. Mtu aweza kwenda Kisumu au pwani akarudi nayo, na kwa kuwa malaria huua upesi, damu ipimwe kwanza. Lakini ikiwa imepimwa na malaria haikuonekana, na homa inakuja na kwenda, basi elekeza macho kwenye zizi la ng'ombe. Iko homa nyingine ambayo mfugaji huipata kwa mnyama wake mwenyewe. Jina lake ni bruselosi. Ng'ombe akiwa nayo hutupa mimba. Mtu akiwa nayo hupoteza nguvu kwa miezi, na asipotibiwa huenda akaumwa viungo kwa miaka.

Dawa ya kuizuia umekwisha kuisikia mara nyingi: chemsha maziwa. Wengi wameisikia na hawaifuati. Wanasema maziwa yaliyochemshwa hayana nguvu, au kwamba babu zao walikunywa mabichi wakaishi miaka mingi. Neno lisiloelezwa sababu yake husahaulika upesi, kwa hiyo hapa tutaeleza sababu. Tutamfuata kijidudu cha ugonjwa huu kutoka tumbo la ng'ombe mpaka ndani ya mifupa yako, ili uone mwenyewe kinachotokea.

Kwanza, kijidudu ni nini? Ni kiumbe hai kidogo mno, kisichoonekana ila kwa darubini. Mwili wako umejengwa kwa chembe nyingi zisizohesabika, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali, lakini yeye ni chembe moja tu, basi. Hiyo moja hula, hukua, hujigawa ikawa mbili. Jamii ya vijidudu tunavyotaja leo huitwa bakteria. Ukiweza kuvipanga vijidudu vya bruselosi katika mstari mmoja, vichwa kwa mikia, vipatavyo 1,000 vitajaza milimita 1.

Usidhani vyote ni adui. Katika tumbo kubwa la ng'ombe wako mna vijidudu vingi kupita hesabu, navyo ndivyo vinavyovunja majani yakawa chakula. Bila vyenyewe ng'ombe angekufa njaa malishoni. Ndani ya utumbo wako pia vimo, na vingi vina faida. Maziwa huganda kwa kazi ya vijidudu. Tena ni viumbe wa kuzaana upesi sana. Vile vinavyochachusha maziwa, mahali pa joto, vyaweza kuongezeka mara mbili kila nusu saa. Fanya hesabu wewe mwenyewe: kimoja saa mbili za usiku, viwili saa mbili na nusu, vinne saa tatu. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi kile kimoja kimekuwa zaidi ya 1,000,000. Ndiyo sababu maziwa ya jioni yasiyopozwa hukataliwa asubuhi kule yanakopokelewa.

Kijidudu cha bruselosi hakina haraka hiyo. Huzaana polepole, na hakiharibu maziwa hata kidogo. Maziwa yenye ugonjwa huu ni meupe, matamu, hayana harufu mbaya, na ng'ombe aliyeyatoa aweza kuwa mnono na mwenye ngozi ing'aayo. Hutaujua kwa kuonja.

Hata madaktari walichukua miaka mingi kuutambua. Katika kisiwa cha Malta, askari wa Kiingereza walikuwa wakishikwa na homa isiyokwisha. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, alikitoa kijidudu chenyewe katika wengu za askari waliokufa, na kwa jina lake kijidudu kikaitwa Brusela. Huyu ndiye Bruce aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale. Lakini kukijua kijidudu hakukuwa kujua njia yake. Wengine walidhani ni hewa mbaya, wengine mbu. Ilipofika mwaka 1905, daktari wa Malta kwa jina Themistocles Zammit alipima damu ya mbuzi wa kisiwani, wale waliokuwa wakipitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa mbele ya mnunuzi, akaona wengi wana ugonjwa huo ingawa walionekana wazima. Jeshi likapiga marufuku maziwa ya mbuzi mwaka 1906, na homa miongoni mwa askari ikapungua mara moja. Hakuna dawa mpya iliyoletwa. Kikombe tu kilibadilishwa.

Wakati huohuo huko Denmark, daktari wa mifugo Bernhard Bang alikuwa ameona mwaka 1897 kijidudu kinachowafanya ng'ombe watupe mimba. Watu walidhani ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1918 mwanamke wa Kimarekani, Alice Evans, alionyesha ya kwamba kile cha mbuzi na kile cha ng'ombe ni ndugu. Wengi walimpinga, hata yeye mwenyewe alipoambukizwa katika kazi yake. Baadaye wakakubali.

Sasa tuingie zizini. Kwa ng'ombe, Brusela hupenda kukaa katika tumbo la uzazi na katika kiwele. Mwaka 1962, mwaka uleule mpango wa kuwagawia wakulima ekari milioni moja ulipoanza katika nchi yetu, wataalamu wa Uingereza walieleza ya kwamba kondo la nyuma la ng'ombe lina aina ya sukari ambayo kijidudu hiki hukua vizuri kwayo. Basi ng'ombe akiwa na mimba, vijidudu hukusanyika hapo na kulidhoofisha kondo, mpaka ndama hukosa chakula na hewa. Mara nyingi mimba hutupwa kati ya mwezi wa tano na wa nane. Kondo nalo huenda likakataa kutoka.

Kinachowadanganya wafugaji ni mimba ya pili. Ng'ombe aliyetupa mara moja, mara nyingi mimba inayofuata hubeba mpaka mwisho na kuzaa ndama mzima. Mwenyewe hufurahi, husema ugonjwa umekwisha. Haujaisha. Vijidudu bado vimo kiweleni, na kila akizaa humwagika pamoja na maji ya uzazi. Ng'ombe kama huyo akiuzwa kwa skimu nyingine kwa bei nzuri, ugonjwa umeuzwa pamoja naye. Ni kweli pia ya kwamba mimba hutupwa kwa sababu nyingine nyingi, kwa hiyo usimhukumu mnyama kabla damu yake haijapimwa.

Tuseme sasa mtoto wako amepewa kikombe cha maziwa mabichi kabla ya kwenda shule. Maziwa hupita kinywani na kooni. Tayari hapo, kwenye ngozi laini ya koo, vijidudu vingine hupata mlango. Vinavyobaki huteremka tumboni. Tumbo lina maji makali ya tindikali ambayo huua vijidudu vingi tunavyomeza kila siku bila kujua, nayo ni ngome kubwa ya mwili. Lakini maziwa hupunguza ukali wa tindikali hiyo. Ndiyo maana mtu mwenye kiungulia huona nafuu akinywa maziwa kidogo. Basi kijidudu kilichopanda maziwa kina nafasi nzuri ya kuvuka salama, kufika utumbo, na kupenya ukuta wake.

Nyuma ya ukuta huo wako askari. Ndani ya damu yako, ambayo kwa mtu mzima ni kama lita 5, mna chembe nyekundu zinazobeba hewa safi, na mna chembe nyeupe, chache zaidi, ambazo ni walinzi. Aina moja ya chembe nyeupe ni kubwa na mlafi. Ikikutana na kijidudu hukizunguka, hukimeza mzimamzima, kisha hukimwagia maji makali kukimaliza. Maelfu ya vijidudu hufa hivi mwilini mwako kila siku nawe unalima bila habari.

Brusela ina hila yake hapa. Ikimezwa na mlinzi, haifi. Huyazuia yale maji makali yasiifikie, hujifanyia chumba ndani ya tumbo la mlinzi, na humo huzaana. Ni kama mwizi aliyejificha ndani ya gari la polisi. Mlinzi hutembea na mwizi wake: hupita katika mishipa myembamba mpaka kwenye tezi, zile unazozisikia kwa vidole chini ya taya zikivimba, kisha huingia katika damu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kama mara 70 kwa dakika, na katika muda kama wa dakika moja damu imekwisha kuzunguka mwili mzima. Hivyo vijidudu husambazwa penye walinzi wengi: wengu, ini, na uboho ulio ndani ya mifupa. Ndipo unapofahamu kwa nini mgonjwa huumwa na mgongo na nyonga. Kwa wanaume korodani huweza kuvimba, na mwanamke mwenye mimba huweza kuipoteza.

Haya yote huchukua muda. Kwa kawaida homa huanza wiki mbili mpaka nne baada ya kunywa, na huweza kuchelewa hata miezi miwili au zaidi. Nani atakumbuka kikombe cha miezi miwili iliyopita? Kwa sababu hiyo maziwa huponyoka bila kushtakiwa, na mbu hulaumiwa.

Je, homa yenyewe ni nini? Watu hudhani homa ni ugonjwa unaowaka mwilini. La, homa ni kazi ya mwili wenyewe. Katika ubongo mna sehemu ndogo inayolinda joto la mwili likae karibu digrii 37. Mfikirie mtu anayelea vifaranga kwa taa: kukiwa baridi huongeza utambi, kukizidi joto huupunguza. Chembe nyeupe zikikutana na adui hutoa kemikali inayopelekwa na damu mpaka ubongoni, kusema, ongeza utambi. Mlinzi wa joto hubadili kipimo chake, sasa anataka digrii 39. Mwili ulio na digrii 37 huonekana kwake kuwa baridi. Basi hufunga mishipa midogo ya ngozi ili joto lisipotee, ngozi ikapauka, na huamrisha misuli itetemeke, kwa maana misuli ikifanya kazi hutoa joto. Ndiyo sababu mgonjwa hulia baridi huku paji lake la uso likiunguza mkono wako. Joto hilo huvidhoofisha vijidudu vingi na kuwafanya walinzi wafanye kazi upesi zaidi.

Vita vikitulia, kipimo hurudishwa digrii 37. Sasa mwili umezidi joto, nao hufungua mishipa ya ngozi na kutoa jasho ili jasho likikauka lipeleke joto nje. Kwa ugonjwa mwingine mambo yangeishia hapo. Lakini Brusela imo ndani ya walinzi. Baada ya siku kadhaa huzidi kuwa nyingi, hutoka tena katika damu, na vita vinaanza upya. Homa hupanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa. Zamani madaktari waliiita homa ya mawimbi. Na ile dawa ya malaria uliyoinunua dukani? Ulipata nafuu kwa sababu wimbi lilikuwa linashuka. Dawa haikufanya lolote ila kula fedha zako.

Mwili una silaha ya pili, kingamwili. Chembe nyeupe za aina nyingine hujifunza umbo la adui na kutengeneza vitu vidogo sana vyenye mikono, vinavyoshika adui huyo peke yake na kumfungamanisha na mwenzake. Kujifunza huku huchukua siku nyingi. Ndizo hizo kingamwili anazotafuta mpimaji wa hospitali. Kwa kipimo kiitwacho Rose Bengal, huchanganya tone la maji ya damu yako na tone la vijidudu vya Brusela vilivyouawa na kutiwa rangi ya waridi. Huchezesha kibao kwa dakika chache. Kama damu yako haijawahi kukutana na adui huyu, rangi hubaki laini. Kama ina kingamwili, mikono hiyo huvikamata vijidudu vikagandamana, na mpimaji huona chenga kama maziwa yaliyokatika.

Ukienda kupimwa, mwambie daktari ya kwamba unafuga, umesaidia ng'ombe kuzaa, au unakunywa maziwa mabichi. Asipoambiwa hatajua, kwa maana homa hii haina alama usoni. Ukipatikana nayo, utapewa dawa za aina mbili pamoja, kwa kawaida kwa muda wa wiki 6. Wanawake wenye mimba na watoto wadogo wana dawa zao tofauti, kwa hiyo usimpe mtoto wako vidonge vyako. Wengi hushangaa wiki 6 zote ni za nini, nao baada ya siku kumi wanajisikia wazima. Umekwisha kuona sababu: adui yumo ndani ya chembe, huzaana polepole, na dawa lazima imfuate humo kwa subira. Mtu anayeacha njiani huacha wachache hai, na hao wachache humrudisha kitandani. Tena wagonjwa wengine hukosa moyo wa kufanya kazi, husononeka, na wenzao huwacheka. Huo nao ni ugonjwa, si tabia.

Sasa maziwa. Vunja yai uliweke katika sufuria ya moto: ute uliokuwa kama maji huwa mweupe na mgumu, nao hauwezi kurudi ulivyokuwa. Mwili wa kijidudu una vitu vya jinsi hiyohiyo, na joto huvigandisha vivyo hivyo. Kwa kuua Brusela katika maziwa yatosha digrii 63 kwa dakika 30, au digrii 72 kwa sekunde 15 kama wafanyavyo viwandani. Njia hii imepewa jina la Louis Pasteur wa Ufaransa, aliyeonyesha katika miaka ya 1860 ya kwamba joto kiasi huzuia divai isiharibike. Tazama ajabu yake: mtu wa mjini anayenunua maziwa yako katika pakiti hunywa yaliyotiwa joto, lakini mtoto wa mwenye ng'ombe hunywa mabichi.

Wewe huna kipimajoto, basi chemsha. Katika miinuko ya Kinangop, mita 2,400 juu ya bahari na zaidi, hewa ni nyepesi, na maji huchemka karibu digrii 92 badala ya 100. Hilo ndilo linalofanya maharagwe ya huko yachelewe kuiva. Lakini digrii 92 bado zinazidi sana zile zinazotakiwa, kwa hiyo usiogope. Jihadhari na jambo moja: maziwa hupanda na povu kabla hayajachemka sawasawa, kwa sababu utando wa juu huzuia mvuke. Yakipanda, punguza moto, koroga, uyaache yatokote kwa dakika chache. Kisha yafunike yapoe. Usiyarudishe katika kopo lililokuwa na maziwa mabichi ambalo halijaoshwa kwa maji ya moto, maana hapo umeirudisha hatari uliyoiondoa.

Kwamba maziwa yaliyochemshwa hayana nguvu, si kweli. Moto hupunguza vitamini kadha, hasa vitamini C, ambayo maziwa hayana nyingi tangu mwanzo. Sukuma kidogo yaipita mbali. Mafuta yake, chokaa ya kujenga mifupa, na chakula cha kujenga mwili, vyote vimo. Na kuhusu babu walioishi miaka mingi, tunawakumbuka walioishi. Maumivu ya viungo yaliyowalaza wengine yaliitwa uzee.

Wapenzi wa maziwa ya kuganda wataulizia kibuyu chao. Uchachu huua baadhi ya vijidudu, lakini usiutegemee kwa Brusela, ambayo huweza kuishi ndani yake siku kadhaa. Wala baridi ya friji haiui, huihifadhi tu. Si lazima uache kuganda maziwa. Chemsha kwanza, yaache mpaka yawe vuguvugu, kisha tia kijiko cha maziwa lala yaliyofanywa kwa maziwa yaliyochemshwa. Yataganda vizuri, hata ladha ya mursik haitakupotea ukiyatia katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa. Dang'a nayo, ambayo vijana wa malisho huipenda sana, ni hatari kuliko maziwa ya kawaida kwa kuwa hutoka ng'ombe akiwa amezaa karibuni. Ipikeni mpaka igande, ndipo mle. Joto hilohilo huua pia kifua kikuu cha ng'ombe.

Kuchemsha maziwa peke yake hakumlindi anayemsaidia ng'ombe kuzaa. Katika kondo, katika maji ya uzazi na katika ndama aliyetupwa, vijidudu ni vingi kuliko vilivyo katika maziwa, na kijikwaruzo kidogo cha mkono au tone lililoruka jichoni ni mlango wa kutosha. Vaa glavu ndefu. Ukizikosa, jifunge mifuko mizima ya plastiki mpaka juu ya viwiko, na baadaye uoge mikono kwa sabuni. Ndama aliyetupwa na kondo visiachwe kwa mbwa, ambao huburuta vipande mpaka malishoni kwa jirani. Vichomwe, au vifukiwe katika shimo refu pamoja na chokaa. Jua kali huua kijidudu hiki kwa saa chache, lakini penye kivuli na unyevu, na skimu za baridi zina vyote viwili, huishi wiki nyingi. Ng'ombe aliyetupa atengwe. Watoto wasitumwe kusafisha, wala mwanamke mwenye mimba.

Kwa ng'ombe hakuna matibabu yanayofaa gharama yake. Aliyethibitika kuwa na ugonjwa ni wa kuondolewa kwa shauri la daktari wa mifugo, naye asiuzwe kwa mfugaji mwingine. Ni hasara inayouma, hasa kama ni ng'ombe mmoja aliyekuwa akilipa karo ya shule. Ndiyo sababu tunasisitiza kupima kabla ya kununua. Usiridhike na kutazama kiwele na pembe. Mwambie muuzaji damu ipimwe kwanza, na asiyekubali, mwachie ng'ombe wake. Iko pia chanjo ya mitamba, hupigwa mara moja wakiwa na umri wa miezi 3 mpaka 8. Chanjo hiyo ina vijidudu vilivyodhoofishwa lakini hai, na sindano ikimchoma mtu humletea homa ileile, kwa hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo mwenyewe.

Na kama maziwa yenu yanakusanywa pamoja, kipo kipimo rahisi. Daktari wa mifugo huchukua maziwa kidogo ya kopo, huyatia katika chupa nyembamba pamoja na vijidudu vilivyouawa na kutiwa rangi ya buluu, akayaweka mahali pa joto kwa muda. Kama katika kopo hilo mna maziwa ya ng'ombe mgonjwa, kingamwili zilizomo huvikamata vijidudu hivyo na kuvishikamanisha na matone ya mafuta, navyo hupanda juu pamoja na malai. Maziwa hubaki meupe chini, na juu huonekana pete ya buluu. Pete hiyo haitaji jina la ng'ombe. Huonyesha kwamba yuko mmoja au zaidi miongoni mwa mliojaza kopo lile, na tangu hapo ni zamu ya kupima damu, zizi moja baada ya jingine, mpaka apatikane.